Kemo: siku ya hatari sio ya dripu, ni ya kumi

Leo naomba tuweke mpira na siasa pembeni kidogo. Kuna kitu nimekaa nacho tangu mwaka 2022, na kila nikitaka kukiandika naona aibu, maana humo ndani kuna kosa langu mwenyewe. Lakini wiki iliyopita jirani yetu kaanza dozi, mtoto wake akaniuliza, "Kaka, tujiandae na nini?" Nikajikuta namweleza saa nzima pale kibarazani. Nikasema bora niandike kabisa, na mwingine atapata.

Mamdogo wangu, yaani mdogo wake mama, alikutwa na kansa ya titi akiwa na miaka 46. Akafanyiwa upasuaji, kidonda kilipokauka akaambiwa aanze kemo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi ya kueleweka sina, basi wazee wakakaa kikao wakaamua: wewe ndio utakuwa unampeleka. Kutoka Mbagala mpaka hospitali, daladala mbili, kila baada ya siku 21. Mimi sio daktari wadau, biolojia nilipata D. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kuwauliza madokta na manesi mpaka wakanizoea, na kwa kukaa kafe nikisoma.

Kwanza tuelewane kemo ni nini. Watu mtaani wanasema "wanamwekea sumu yule". Kusema ukweli hawajakosea sana. Dawa ya kwanza ya aina hii ilitokana na gesi ya haradali, ile silaha ya vita kuu ya kwanza. Waliivuta wakaonekana chembe nyeupe za damu zimepukutika. Mwaka 1942 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani wakachukua kemikali ndugu ya gesi hiyo wakampa mgonjwa wa kansa ya matezi, na uvimbe ukanywea kwa muda. Kwetu huku Afrika Mashariki nako kuna historia: miaka ya 1960 pale Kampala, watoto wenye uvimbe wa taya ule aliouelezea daktari Denis Burkitt walipewa dawa hizi, na wapo waliopona kabisa. Kwa hiyo ni sumu, ila sumu iliyopimwa kwa uzito na urefu wa mtu.

Kazi yake ni kuua seli zinazojigawa haraka. Kansa inajigawa haraka. Tatizo ni kwamba mwilini kuna wengine wanaojigawa haraka ambao hawana kosa: mizizi ya nywele, ngozi laini ya ndani ya mdomo, ukuta wa utumbo, na uboho wa mifupa ambako damu inatengenezwa. Dawa haijui nani ni nani. Ukishika hapo, maudhi karibu yote ya kemo utayaelewa bila kukariri. Nywele zinatoka, mdomo unachubuka, tumbo linaharisha, damu inapungua, yote ni bomu moja limepiga nyumba za jirani.

Dozi ya kwanza Mamdogo alipewa dawa mbili, moja nyekundu kabisa. Aliibatiza "rozela", kama ile juisi. Nesi aliisukuma taratibu kwenye mshipa huku akimuuliza kila mara, "Mama inawaka? Inauma?" Nilidhani ni ukarimu tu, kumbe ile dawa ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama vibaya. Kwa hiyo wewe unayemsindikiza mtu, mwambie asijikaze. Akisikia moto kwenye mkono aseme hapo hapo, asisubiri dripu iishe. Halafu tulipofika nyumbani akaenda chooni, nikasikia ukunga. Mkojo mwekundu! Akajua anatokwa damu. Ni rangi ya dawa tu, siku moja au mbili inaisha, lakini hakuna aliyetuambia mapema na usiku ule hatukulala. Dawa hiyo hiyo ina kikomo cha kiasi ambacho mtu anaweza kupewa katika maisha yake yote, kwa sababu ya moyo, ndio maana wanapima moyo kabla.

Siku mbili za kwanza Mamdogo alikuwa na nguvu za ajabu. Saa saba usiku anafua mapazia. Bibi akasema jamani dawa imemkubali! Kumbe ni zile dawa za steroidi wanazowapa kuzuia kutapika, zinamwamsha mtu kama kanywa kahawa birika zima. Siku ya tatu zikaisha, akaanguka kama gunia. Alilala, akatapika, akalia, hataki kumwona mtu. Dozi ya pili tulikuwa tumeshajua, nguo zikafuliwa na mimi.

Kuhusu kichefuchefu, niliyojifunza ni machache lakini yalisaidia. Vidonge vya kuzuia kutapika vinywewe kwa saa, hata kama hajisikii vibaya. Ukisubiri mpaka atapike, umechelewa, na kidonge chenyewe kitatoka. (Siku moja tuliambiwa dawa hiyo haipo dirishani, tukanunue nje. Tulinunua. Sitasema zaidi.) Vidonge hivi vingine vinafunga choo kweli kweli, hivyo papai na maji visikose. Chakula kidogo kidogo, cha baridi au vuguvugu, maana cha moto kinatoa harufu na harufu ndio adui. Dagaa tulihamishia kwa jirani. Mtori ulikubali, uji wa ulezi ukakubali, ugali ukagoma miezi minne.

Kuna moja ilinishangaza. Kufika dozi ya tatu, Mamdogo alikuwa anatapika kabla hata ya kuingia wodini, tukiwa bado getini. Akaona haya, akasema, "Baba, nimekuwa kichaa sasa." Sio ukichaa. Ubongo umeshaunganisha lile geti, ile harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na kutapika. Ni kitu kinachojulikana na kina dawa yake, mwambie dokta, wanaweza kumpa kidonge cha kutuliza usiku wa kuamkia siku hiyo. Mpaka leo rozela hanywi.

Sasa nije kwenye lile kosa.

Dozi ya pili ilipita. Zile siku mbaya zikaisha, siku ya nane akawa anacheka, anauliza habari za watu, anataka kwenda sokoni. Sote tukapumua. Mimi nikajiona nimeshafaulu, hata nikaenda zangu kutafuta vibarua. Siku ya kumi jioni narudi nakuta kajifunika blanketi, na joto la Dar mnalijua. Anatetemeka. Nikamgusa, moto. Nikafanya ambacho kila mtu mtaani kwetu angefanya: malaria hiyo. Nikakimbia duka la dawa nikaleta dawa mseto na Panadol. Akameza. Saa moja baadaye joto limeshuka, kajasho kanamtoka, nikajipongeza.

Saa kumi na moja alfajiri hawezi kukaa. Midomo imekauka, anaongea maneno yasiyoeleweka, mapigo ya moyo yanakimbia. Bajaji mpaka hospitali. Pale mapokezi nikasema "ana homa", nikapewa namba, tukakaa kwenye benchi na watu wenye mafua na watoto wanaokohoa, zaidi ya saa moja. Mpaka nesi mmoja anapita akaona kile kilemba na kichwa kisicho na nywele, akasimama. Akaniuliza swali moja: "Huyu yuko kwenye kemo? Kachoma lini?" Nikahesabu kwa vidole. Siku ya kumi na moja. Sijawahi kuona watu wanakimbia vile. Kitanda, dripu, damu ya vipimo, antibaiotiki kwenye mshipa, yote yalifanyika kwa haraka hata jina lake walikuwa hawajaandika vizuri. Malaria walipima, hakuna. Chembe nyeupe zilikuwa karibu na sifuri.

Dokta aliponieleza baadaye nilitamani ardhi ipasuke. Ngoja niwaeleze na nyie kwa lugha yangu.

Chukulia kiwanda cha mikate. Umeme ukikatika leo, leo hii mikate dukani bado ipo, na stoo kuna iliyookwa jana. Wateja hawajui kitu. Baada ya siku kadhaa ndio rafu zinabaki tupu. Uboho wa mifupa ndio kiwanda. Chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu hazikai muda mrefu kwenye damu, ni suala la saa na siku chache tu, na stoo ikishaisha hakuna za kuziba pengo mpaka kiwanda kiwake tena. Kwa dawa nyingi za kemo, shimo hilo linakuwa kati ya siku ya 7 na ya 14. Chembe nyekundu zinaishi kama siku 120, ndio maana upungufu wa damu unakuja taratibu, mtu anaanza kuhema akipanda ngazi baada ya dozi ya tatu au ya nne. Ni hesabu za stoo tu.

Kwa hiyo ile siku mgonjwa anapocheka, kichefuchefu kimeisha, ndugu wametawanyika, ndio siku ambayo hana askari hata mmoja ndani. Na vijidudu havitoki mbali: ni vile vya kwenye utumbo wake mwenyewe, mdomo wake, ngozi yake, ambavyo siku zote vilikuwa vinakaa kwa adabu. Dalili inaweza kuwa homa peke yake. Usaha hauonekani, maana usaha wenyewe ni maiti za hizo chembe nyeupe, na hazipo. Mtu akiachwa hivyo anaweza kufa ndani ya siku moja. Na Panadol inashusha joto tu, haigusi kinacholeta joto. Mimi nilizima king'ora nikaacha moto unawaka.

Kanuni tuliyopewa: joto likifika 38, au akitetemeka hata kama kipima joto hakijafika huko, ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usimpe Panadol kwanza "tuone". Na ukifika mapokezi neno la kwanza kinywani lisiwe homa, liwe kemo: "Huyu yuko kwenye kemo, alichoma tarehe fulani, ana homa." Kwa sauti. Kadi ya kliniki mkononi. Baada ya siku ile nilinunua kipima joto famasi, cha kidijitali, bei ya chipsi kuku, na kalenda ya ukutani nikachora siku ya 7 mpaka ya 14 kwa kalamu nyekundu. Siku hizo hakuna kachumbari ya barabarani, hakuna maziwa ambayo hayajachemshwa, matunda ni ya kumenya, mikono inanawishwa kwa sabuni mpaka wajukuu walalamike, na mwenye mafua anamsalimia akiwa dirishani. Bibi alikasirika kuambiwa asimkumbatie mwanawe. Tulielewana polepole.

Mamdogo alilazwa siku sita. Akarudi.

Halafu ukaja mtihani ambao kwangu ulikuwa mgumu kuliko ile homa. Tarehe ya dozi ya tatu tumefika, damu ikapimwa, dokta akasema chembe nyeupe hazijapanda vya kutosha, rudini wiki ijayo. Hospitali nyingi zinataka aina moja ya chembe hizo, neutrofili, ifike angalau 1.0 au 1.5 kwa vipimo vyao ndio wachome. Mamdogo alitoka pale uso umemwanguka. Kwenye daladala hakuongea. Nyumbani akasema, "Wameniacha. Nimeshindikana." Na ndugu wakapata mlango. Mjomba akaleta habari za mzee mmoja wa mizizi huko Mkuranga. Shangazi akasema hospitali wameshakula hela wamechoka. Mnakumbuka mwaka 2011 watu walivyofurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, wengine wakaacha na dawa zao za hospitali? Upepo ni ule ule, unavuma mtu akikata tamaa.

Nilirudi peke yangu kumuuliza dokta, nikiwa na hasira kidogo. Akanijibu kwa utulivu kwamba kuahirisha ndio matibabu yenyewe yanavyokwenda. Wakichoma kiwanda kikiwa bado hakijawaka, wanamuua wao. Wiki moja ya kusubiri inatokea kwa wagonjwa wengi na haimaanishi dawa imeshindwa. Dozi inayofuata wanaweza kuipunguza kidogo, au wampe sindano za kuamsha uboho. Kinachoharibu ni mtu kupotea miezi miwili kisha kurudi uvimbe umeota upya. Nikamwomba ayaseme hayo kwa simu, nikaweka sauti kubwa, Mamdogo akasikia kwa masikio yake. Maana mimi ningesema, ningeonekana mtoto tu.

Kuhusu mizizi, sikumtukana mzee wa Mkuranga. Nilichomwambia Mjomba ni hiki: hata hospitali kuna dawa ya kemo inaitwa vinkristini, inatoka kwenye ua la vinka, lile la asili ya Madagaska ambalo watu wanalipanda bustanini, la pinki au jeupe. Wamelichuja wakapata kiasi kidogo kinachoua kansa, wakizidisha kidogo tu kinaua mtu. Sasa kwenye chupa ya soda ya mzee, nani kapima? Na kama ile mizizi inachosha ini, ini lile lile ndilo linalotakiwa kuvunja dawa ya kemo. Akasema sawa, tusubiri amalize. (Na wewe usiende kutafuna ua la jirani, tafadhali.)

Mambo mengine niyapitie haraka. Nywele zilitoka kama wiki mbili na nusu baada ya dozi ya kwanza, alikuwa anasukwa, mkono wa msusi ukatoka na fundo zima. Alinipa mkasi na wembe akasema malizia. Akafunga kilemba, na nywele zilianza kurudi miezi miwili baada ya kumaliza, laini kama za kichanga. Vidonda vya mdomoni: mswaki laini, kusukutua maji vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi soda ya kupikia mara kadhaa kwa siku. Barafu za ukwaju zilizokuwa zinamtoa ladha ya chuma mdomoni, kipindi cha vidonda ziligeuka moto, tukabadili tukampa za maziwa. Kuharisha: ORS mapema, na kukizidi hospitali.

Majirani waliogopa choo cha pamoja. Kansa haiambukizi, waambie wazi. Ila dawa yenyewe inatoka na mkojo na matapishi kwa kama siku mbili, hivyo anayesafisha avae glovu na choo kimwagiwe maji mengi. Nilipowaeleza hivyo, hofu ilipungua kuliko nilipokuwa nasema "hamna shida" tu.

Dozi nne za mwisho dawa ilibadilika. Kichefuchefu kikapungua, ikaja ganzi ya vidole vya mikono na miguu. Hakusema. Alidhani akisema wataahirisha tena na ndugu wataanza maneno. Tulijua siku aliposhika sufuria ya moto kwa mikono mitupu na hakuitupa. Dokta akapunguza dozi, akasema ganzi ikinyamaziwa inaweza kubaki moja kwa moja. Mpaka leo vidole vya miguu bado vinamsumbua, na peku hatembei, maana msumari unaweza kumwingia asijue.

Alimaliza Machi 2023. Badala ya miezi mitano na nusu tuliyoambiwa, ilikwenda karibu saba, kwa kuahirishwa mara tatu. Bado anahudhuria kliniki. Usiku ule wa Panadol hajawahi kunisema hata mara moja, na mimi sijawahi kumwomba msamaha vizuri, nadhani ataisoma hapa maana binti yake ndiye anayemfungulia.

Yule jirani kachoma Jumatatu. Kipima joto cha Mamdogo tumempa, kimebadilishwa betri. Kalenda nimemchorea mimi, nyekundu inaanza Jumatatu hii inayokuja, na mwanawe kahifadhi namba yangu na ya dereva bajaji mmoja anayelala simu ikiwa wazi. Waliopitia haya mwageni uzoefu kwenye maoni hapo chini, hasa wenye ujanja wa kumlisha mtu anayegoma kula, maana ugali ulinishinda.